Mnaniuliza Wapiganaji Tunalipwa Ngapi? Niliifungua Ile Bahasha...

"Kilo hamsini na nne na nusu!"

Nilitaka kumrukia palepale kwenye mzani!

Jamani, mwenzenu nimeshinda siku mbili bila kula. Tangu jana yake sijagusa maji, midomo imepasuka, ili tu nifike kilo hamsini na mbili tulizokubaliana. Halafu huyu Mirei, nyota mwenye picha kubwa pale stesheni ya treni iitwayo Namba, anapanda mzani kazidi kilo mbili na nusu... na hata kuniangalia hataki!

Naitwa Chihaya, napigana MMA, ngumi, mateke na mieleka kwa pamoja, hapa Osaka. Kila siku mnaniuliza huku tunalipwa ngapi. Leo nawaambia.

Lilikuwa pambano langu la tisa, na katika yale manane sikuwahi kushika hata noti moja ya promota. Ananilipa tiketi hamsini za kiingilio. Nikiziuza, huo ndio mshahara. Nisipouza, nimepigwa bure.

Baba yangu, muuza tofu, ile jibini ya soya, alishasema:

"Hili la tisa usiporudi na pesa mkononi, unavaa aproni unakaa dukani. Nimechoka kukukanda kwa barafu!"

Nami nikamuapia.

Kwa hiyo pale kwenye mzani nikamgeukia kocha wangu, Isobe.

"Vunja pambano! Amenidharau huyu!"

"Punguza jazba, Chihaya. Aliyezidi uzito anakukatia nusu ya malipo yake. Nusu ya malipo ya Mirei! Unajua analipwa ngapi?"

"Ngapi?"

"Sijui... lakini picha yake iko stesheni!"

Nikasaini kukubali pambano. Sikuuliza kitu. Mjinga mimi!

Promota, Bwana Zaizen, akanikabidhi bahasha nene, hata haifungiki. Nikafungua...

Tiketi.

Tiketi sabini na tano! Za pambano la kesho yake, juu ya zile hamsini zangu zilizokwisha kuishia kwenye ada ya mazoezi!

"Bosi, hivi ni nini?"

"Malipo ni malipo, binti."

"Pambano si kesho? Nimuuzie nani?"

"Miguu si unayo? Kimbia!"

Akacheka. Na wapambe wake wakacheka. Kicheko kile nimekiweka moyoni mpaka leo.

Kesho yake asubuhi nikasimama mbele ya ukumbi wake, hatua tatu kutoka dirisha la tiketi. Yeye anauza yen elfu nane. Mimi nikapaza sauti:

"Elfu nne! Elfu nne tu! Njoo unione jioni nikichapa au nikichapwa!"

Watu wakaanza kujaa. Akajipenyeza msichana mmoja, kofia hadi machoni, barakoa usoni. Akaishusha...

Mirei!

Ngumi ikajikunja yenyewe.

"Umekuja kunicheka?"

"Dada..." Akafungua begi. Ndani, tiketi! "Naomba nisimame hapa na mimi. Zimenibakia ishirini na mbili."

"We si nyota?"

"Nyota wa ukutani! Mimi nalipwa tiketi mia na hamsini. Mwezi mzima nazunguka saluni, baa, viwandani, nauza. Mazoezi nafanya saa ngapi? Uzito nakata saa ngapi? Jana nilishindwa kukutazama kwa aibu."

Hasira zangu zote nilikuwa nimempelekea mtu ambaye siye.

"Simama hapa," nikamwambia. "Na upaze sauti."

Zaizen akatoka mbio, uso umemwiva.

"Nani kawaruhusu kushusha bei?! Mnaniharibia biashara!"

"Malipo ni malipo, bosi!" nikamrudishia.

Mirei akawageukia watu wenye simu.

"Rekodini! Huu ndio mshahara wetu! Sisi tunatoa damu, yeye anatoa karatasi!"

Wakamzomea mpaka akarudi ndani. Angetufukuza vipi? Jioni angeonyesha nini? Saa kumi hatukuwa na tiketi hata moja.

Jioni tukapigana kweli, hakuna cha huruma. Nikamvimbisha jicho, akanipasua nyusi, akanishinda kwa pointi. Kengele ya mwisho ilipolia tukakumbatiana, mwamuzi akabaki anatushangaa.

Nyumbani nikaweka laki tatu mezani.

"Promota kalipa?" baba akauliza.

"Hapana, baba. Wamelipa watu."

Baba akaitazama ile aproni aliyoniandalia. Akaichukua, akaivaa mwenyewe, akaenda kukata tofu.

Juzi Zaizen kanipigia.

"Chihaya, watu wanataka marudiano!"

"Pesa taslimu?"

Akakohoa.

"Bosi?"

"...Tiketi mia."

Nikamkatia simu. Haikupita dakika, Mirei huyo kwenye simu!

"Dada, na wewe kakupigia?"

"Nimemkatia."

"Hata mimi!"

Ndugu zangu, mkiitwa kusaini msiishie kuuliza mtalipwa ngapi. Ulizeni mtalipwa NINI. Na kabla hujamkunjia mtu ngumi, hakikisha kwanza hajapewa bahasha kama yako.