Ndugu Yangu Alikataa Kufunzwa Kiswahili

Nina umri wa miaka ishirini na sita, sijaolewa, na kwetu ni Chaani, upande wa Changamwe. Jina langu ni Naomi. Wasomaji wenzangu, mkiona nimeandika kwa hasira mnisamehe, kwa sababu hasira ninayo!

Baba yetu alihamia hapa kutoka Rabai kwa ajili ya kazi ya kupakua mizigo bandarini. Mungu alimwachia watoto wawili, mimi na mdogo wangu Daudi. Sote tulisoma shule ya misheni, na sote tulikuwa wepesi wa kushika masomo. Sijisifu, walimu ndio waliosema.

Kisha vita vya Wazungu vikaja, maisha yakawa ghali, na siku moja baba akaniita. Nikaitika, "Abee." Akaniambia kwamba karo ya watoto wawili imemshinda, kwa hivyo mimi nipumzike kwanza, Daudi aendelee.

"Akishaingia chuo kikuu akapita mtihani wa kwanza, misheni watambeba wao," alisema. "Na wewe mwanangu utarudi shule, usomee huo ualimu unaoutaka."

Nilikuwa msichana mdogo tu. Nilikubali.

Nikaanza kufua nguo za watu. Nilifua khaki za askari wa kambini, nguo ngumu zilizonichubua vidole, nikazipiga pasi ya makaa mpaka bega likafa ganzi. Kila Daudi alipopanda darasa, nilifurahi kuliko yeye. Kwani safari ile haikuwa yangu pia?

Hatimaye akachaguliwa kwenda chuo kikuu, nje ya Kenya, akasomee udaktari! Siku tuliyomsindikiza stesheni mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Chaani nzima wakaanza kumwita daktari hata kabla gari la moshi halijaondoka.

Chuoni kwao kulikuwa na sheria. Mwanafunzi, hata kama amekuja kusomea udaktari, haanzi udaktari mpaka apite masomo ya jumla: Kiingereza, hesabu, historia, na lugha moja ya Afrika. Asiyehudhuria darasa la somo fulani haruhusiwi kuufanya mtihani wake, na akikosa somo moja amekosa yote. Daudi mwenyewe alitueleza hayo alipokuja likizo. Lugha aliyoichagua ilikuwa Kiswahili.

Tulicheka sote! Tukasema hilo limekwisha, hilo la bure kabisa. Mimi nikaanza kuhesabu kwamba mwakani nitakuwa darasani. Laiti ningejua...

Mwaka ulipokwisha Daudi alirudi na sanduku lake lote, na godoro pia. Akatuambia kwamba Mzungu mmoja alimchukia bure, akamfukuza bila kosa. Mama alilia kama mtu aliyefiwa. Majirani wakaja kutupa pole, wakaketi barazani wakamlaani Mzungu huyo. Mimi nami nilimlaani, tena kwa sauti. Nilimpikia Daudi wali wa nazi na kumfulia mashati yake, kwa huruma niliyokuwa nayo.

Haukupita muda mrefu akatokea mgeni, kijana wa bara aitwaye Barasa. Alisoma chuo kimoja na Daudi, na alikuwa amekuja kumtembelea mjomba wake, mfanyakazi wa reli hapa Changamwe. Daudi alikuwa ametoka. Tukamkaribisha chai. Kiswahili chake kilikuwa cha kujikwaa, lakini adabu alikuwa nayo, na alimwamkia mama vizuri.

Barasa akatupa pole. Akasema bado inamuuma, kwa kuwa kila asubuhi alikuwa akimbembeleza Daudi waende wote darasa la Kiswahili, na Daudi akijilaza kitandani na kumcheka. Mwaka mzima hakukanyaga! Mkuu wa chuo alimwita, akamsihi ahudhurie hata yale madarasa ya mwisho, asamehewe. Akakataa. Siku ya mtihani akazuiwa mlangoni. Na Barasa, yule wa kujikwaa? Alipita. Likizo ikiisha alikuwa anarudi kuanza udaktari.

Niliweka birika chini, nikakaa mlangoni kumngoja Daudi.

Daudi aliporudi nilimuuliza mbele ya baba na mama. Hakukana.

"Dada, yule mwalimu Kiswahili amekijua juzi," alisema. "Mimi mtoto wa pwani, nikae kitako, mtu wa kuja yuwanifunza maneno ya mamangu? Na wale wa bara wote wanitazame? Haiwi!"

Nikangoja baba amkemee. Mnajua baba alisema nini? Alitikisa kichwa taratibu, akasema, "Kwa hilo, wallahi, simlaumu. Kwani Kiswahili nacho ni somo?"

Mama naye akaguna kukubali! Habari zikaenea, na badala ya aibu, Daudi akawa shujaa wa Chaani. Wazee walikuwa wakimsimamisha njiani kumpa mkono, kijana aliyekataa kudharauliwa.

Na mimi je? Nani alinipa mkono mimi? Katika watu wote wale hapakuwa na mmoja aliyekumbuka kwamba mlango uliofungwa chuoni ulikuwa wangu pia.

Mabaya hayakuishia hapo. Baba aliumia mgongo kazini, akarudishwa nyumbani. Daudi akapata nafasi ya ukarani, akaikataa, ati mtu wa chuo kikuu hawezi kuwa karani. Mimi nikafua kwa ajili yetu sote. Nilipomkumbusha baba ahadi yake alinitazama kama nimemtukana, akasema umri wangu wa shule umepita. Nililia siku ile... lakini ilikuwa mara ya mwisho.

Nilikwenda misheni peke yangu, kwa bibi mmoja anayefunza wanawake ualimu. Nikamwomba anichukue, nami nitafua mashuka ya bweni badala ya karo. Akakubali. Nyumbani walipiga kelele, wakauliza watakula nini. Nilimwachia Daudi beseni na pasi. Juma lililofuata alikwenda kuuomba ukarani.

Bibi akanieleza kwamba kila anayetaka ualimu lazima apite kwanza masomo ya jumla. La kwanza? Kufua na kupiga pasi! Mwalimu wa somo hilo alikuwa msichana mdogo kwangu, na ile pasi aliishika kwa kuogopa. Maneno ya Daudi yakanijia mdomoni, yale yale: huyu anifunze mimi?

Nikanyamaza. Nikaketi mbele, nikaandika kila alilosema, tangu kutenga nguo nyeupe. Na mtihani nimeupita.

Enyi mnaosoma, na hasa ninyi wenzangu wa pwani, nawasihi sana. Mkipangiwa somo mnalolijua, nendeni mkaketi. Huko nyumbani yuko dada yenu anafua.