Mkono wa Malale Ndani ya Gunia

Mimi ni jirani wa Malale hapa Kasekese. Nyumba yake na yangu zimetenganishwa na banda la mbuzi tu, kwa hiyo mengi nayasikia hata nisipotaka. Jioni nafundisha watu wazima kusoma na kuandika, na Malale ni mwanafunzi wangu. Kila siku anachelewa, lakini anakuja.

Malale anapenda wageni. Mgeni akifika kwake anapewa kigoda, halafu anapewa maji. Kisha Malale anamshika mkono na kumpeleka kwenye chumba cha mahindi. Anafungua gunia. Anazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, anachota mahindi na kuyamwaga kwenye kiganja cha mgeni.

"Ona mwenyewe," anasema. "Hapa njaa haipiti."

Lakini njaa ilikuwa inapita kila mwaka. Ikifika Desemba, dumuzi, wale wadudu wa ghalani, wameshatoboa mahindi yote. Ukilitikisa gunia linatoa vumbi. Januari, magugu yakiota, Malale na mkewe Nyanzala wanaacha shamba lao. Wanakwenda kupalilia shamba la Kashinje, ndugu yake Malale, ng'ambo ya mto, ili wapewe mahindi ya kula. Binti yao Sikujua, wa darasa la tano, anabaki nyumbani kulea wadogo zake. Shule anaikosa karibu mwezi mzima. Shamba lao nalo linapaliliwa kwa kuchelewa, mavuno yanakuwa haba, na mwaka unaofuata ni yale yale.

Mwaka jana, mwezi wa sita, walivuna magunia sita, mbali na mahindi kidogo ya kula. Siku hiyo nilimsikia Nyanzala akisema, "Baba Sikujua, nimechoka. Januari hii nataka kupalilia shamba langu. Langu, sio la Kashinje."

Malale akaendelea kuingiza magunia ndani.

Kesho yake Nyanzala alimwita bibi shamba wa kata yetu, Immaculata. Alikuja na pikipiki yake, akaomba chupa tupu iliyo kavu na chumvi kavu kidogo. Akatia punje za mahindi ndani ya chupa, akaongeza chumvi, akaifunga na kuitikisa.

"Bibi shamba, ndiyo unatupikia kande?" Malale akamtania.

"Subiri robo saa, mzee, utakula majibu."

Baada ya robo saa, chumvi ilikuwa imeganda kwenye kuta za chupa.

"Mahindi yenu bado yana maji," Immaculata akasema. "Mkiyahifadhi hivi yataota ukungu, na ukungu ni sumu. Yaanikeni tena juu ya turubai, msiyaweke chini kwenye udongo. Siku chumvi itakapotikisika bila kushika kwenye chupa, ndipo yamekauka."

Waliyaanika siku nne zaidi. Nyanzala akauza majogoo mawili, akaenda Mpanda mjini kwenye duka la pembejeo, akanunua magunia ya kuhifadhia nafaka. Magunia haya yana mifuko miwili ya plastiki ndani yake. Immaculata alirudi kuwaonyesha namna ya kuyatumia. Kwanza unakagua kama plastiki haina tundu. Unajaza mahindi, unashindilia hewa itoke, unafunga mfuko wa kwanza kwa kamba. Unafunga wa pili, halafu unafunga gunia lenyewe. Unaliweka juu ya mbao, mbali na ukuta, panya wasilisogelee.

"Na dawa je?" Malale akauliza.

"Haihitajiki. Dumuzi anavuta hewa kama wewe na mimi. Ikiisha humo ndani, anakufa. Ila msifungue. Mkifungua mnampa pumzi."

"Tumekuelewa," akasema Malale.

Nyanzala alielewa. Huyu mwanafunzi wangu, sijui.

Mwezi wa tisa, asubuhi, nilisikia Nyanzala akiita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Nikazunguka banda la mbuzi mbio. Nilimkuta amekaa chini mlangoni, analia. Mbele yake kulikuwa na magunia mawili wazi. Vumbi jeupe lilikuwa juu ya mahindi, na dumuzi wanatembea.

"Umefungua," alimwambia mumewe. "Niambie ukweli."

"Walikuja wageni," Malale akajibu polepole. "Shemeji zako wa Ugalla. Halafu rafiki yangu Yotham. Halafu wale wa kanisani. Lakini nilikuwa nafunga tena."

"Kwa nini, Baba Sikujua? Wageni wanakula kwa macho?"

Malale alikaa chini pembeni yake. Alikuwa na aibu, na mimi nilimwonea huruma ingawa nilikuwa na hasira naye.

"Nilipokuwa mdogo," akasema, "mama yangu alijaza pumba kwenye gunia akaliweka karibu na mlango, watu wadhani tuna chakula. Siku moja mgeni akaliegemea, likabonyea. Akacheka. Nikasema nikiwa na mji wangu, mgeni atashika mahindi kwa mkono wake."

Nyanzala alijifuta uso kwa khanga. Baadaye alimshika mumewe bega.

Immaculata alipofika alikagua magunia yote. Manne yalikuwa hayajaguswa, na kamba zake zilikuwa vilevile.

"Haya manne yako salama," akasema. "Haya mawili pepeteni, anikeni juani, chambueni mabovu myatupe. Mazuri muanze kula hayo."

"Kwa hiyo ni mimi niliyekuwa nawafungulia dumuzi dirisha," akasema Malale.

"Wewe, mzee. Tena kila wiki."

Tulicheka wote, hata Nyanzala. Na ni yeye aliyepata dawa ya ugonjwa wa mumewe. Alichukua debe moja, akajaza mahindi yaliyopepetwa, akaliweka karibu na mlango bila kifuniko.

"Hili ni debe la wageni," akasema. "Zamisha mkono unavyotaka. Yale manne huna ruhusa."

Jioni hiyo Malale aliwahi darasani kuliko wote. Nilishangaa.

"Mwalimu, leo nifundishe neno moja tu," akasema. "Usifungue."

Aliliandika mara nyingi mpaka chaki ikaisha mkononi. Kesho yake akaliandika kwa makaa kwenye magunia yote manne. Herufi F aliiandika imegeukia nyuma. Sikumsahihisha.

Januari mvua zikanyesha vizuri. Asubuhi moja Kashinje alikuja kama kawaida yake, kuwaita kwenye kibarua. Alipewa kigoda na maji. Malale akamwingiza ndani, akamchotea mahindi ya debe. Lakini Kashinje aliona magunia manne nyuma, akanyoosha mkono kwenye kamba.

"Soma kwanza," Malale akamwambia.

"Unajua mimi sijui kusoma."

"Basi nitakusomea." Malale akaweka kidole chini ya herufi, moja baada ya nyingine. "U-si-fu-ngu-e."

Nyanzala akaja na kisu. "Ya kula yamekwisha, na debe linakwisha," akasema. "Leo tunafungua moja."

Akakata kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mahindi yalikuwa yanang'aa, hayana hata tundu moja, kana kwamba yamepukuchuliwa jana. Malale akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Akautuliza humo, macho yamelowa.

"Toa mkono tufunge," mkewe akamwambia.

Kashinje alichukua punje moja akaiuma. "Kwa hiyo mwaka huu hamji kwangu."

"Hatuji, shemeji," akasema Nyanzala. "Tuna shamba la kupalilia."

Mchana nilipita kwenye njia ya shambani kwao. Nilimkuta Nyanzala katikati ya mistari ya mahindi, anapalilia huku anaimba. Malale alikuwa nyuma yake na jembe, anajaribu kumfikia. Nikauliza Sikujua yuko wapi.

"Yuko shule," Nyanzala akajibu, na jembe lake halikusimama.

Jioni Malale alichelewa tena darasani. Nilitaka kumgombeza, lakini alikuwa amekuja na Kashinje.