Munyu wa Kukhu

Kila Jumamosi, akishafua sare yake ya shule, Wangechi alipenya kwenye mwanya wa ua hadi kwa jirani yake, Naliaka. Kwao Wangechi kulikuwa na shamba na ng'ombe. Kina Naliaka walikuwa wamepanga nyumba tu. Hata hivyo, wasichana hao wa Bahati, nje kidogo ya Nakuru, walikuwa chanda na pete.

Jumamosi hiyo kulikuwa na mgeni. Kukhu, yaani nyanya yake Naliaka, alikuwa ameletwa kutoka Bungoma baada ya kuugua. Tangu afike, alionja wali kidogo tu na kuisukuma sahani. Alichotamani ni mrenda, mboga ambayo yeye huiita murere.

"Hiyo mboga inateleza ka makamasi," Wangechi alitania. "Si mngepika mukimo?"

"Mukimo yenu ni viazi imepakwa rangi," Naliaka alimjibu, wakacheka.

Mama Naliaka alipokwenda kusagisha mahindi, Naliaka aliachiwa jikoni. Akatoka kuosha mrenda mferejini. Wangechi, ambaye mikono yake haijui kutulia, akaanza kuosha vyombo. Kwenye kona aliona bakuli lenye maji ya hudhurungi. Akayamwaga nje, akalisugua bakuli hadi likang'aa.

Mama Naliaka aliporudi, alishtuka. "Munyu iko wapi? Hiyo maji tulichuja na majivu ya maganda ya maharagwe. Kukhu alibeba hayo majivu kutoka nyumbani, na yameisha! Bila munyu mrenda haitalainika."

Wangechi alilitazama bakuli lililong'aa. Akamwona paka amelala mlangoni. "Labda ni paka," alisema.

"Naliaka, nilikuachia jikoni! Ulikuwa unacheza?"

Naliaka aliinamisha kichwa, machozi yakimlengalenga. Chumbani, Kukhu aligeukia ukutani. "Wacheni tu," alisema. "Sina njaa."

Maneno hayo yalimchoma Wangechi. "Si paka, Mama Naliaka. Ni mimi. Nilidhani ni maji chafu, halafu nikadanganya. Nisamehe. Na wewe Naliaka, pole."

Kisha Kukhu akainuka kitandani. "Mjukuu wangu, mimi nitoke Bungoma nije kuwekea watu maji chafu?" Alicheka kwa mara ya kwanza tangu afike. "Hebu niambie, mkipura maharagwe, maganda mnapeleka wapi?"

"Tunapatia ng'ombe. Kuna gunia nyuma ya zizi."

"Kumbe! Omba baba yako ruhusa, ulete."

Kukhu aliketi kwenye kigoda akiwaelekeza. Waliyachoma maganda, wakaweka majivu kwenye mkebe wenye matundu chini, wakamimina maji polepole. Matone ya hudhurungi yakaanza kudondoka bakulini.

Mchana huo Kukhu alimaliza ugali wake wote, akaomba kuongezewa mrenda. Wangechi naye alionja. "Inateleza," alikubali, "lakini inateleza vizuri."

Mama Naliaka alimwekea tonge lingine. "Kumwaga ni kutojua, Wangechi. Kitu hujui, uliza. Lakini ungeshikilia ile ya paka, Naliaka angebeba kosa lako, na Kukhu angelala njaa na maganda yako hapo tu, nyuma ya zizi yenu."

Wangechi aliitikia kwa kichwa. Kisha akamega ugali, akauchovya mchuzini, akamtupia paka. Naye pia alistahili kuombwa msamaha.