Kikapu cha Bonaventure

Jua linazama, Casimir alitoka na chupa tupu kwenda kutafuta mafuta ya taa. Mkewe Odile ameshikwa na uchungu wa kuzaa, na taa imekauka.

"Upite barabara kubwa," mkunga, Mama Bertille, alimwambia. "Ku reli hapana, jua ikishazama."

Lakini njia ya reli ilikuwa fupi, na Casimir, mtu wa Moba, alikuwa na miezi miwili tu Kalemie. Akaona mama huyu anamtisha bure. Wakati wa kurudi, chupa imejaa, akakata relini.

Harufu ikamfikia kwanza. Karanga za kukaanga...

Kisha nyayo peku kwenye kokoto. Pa. Pa. Pa.

Mzee mwembamba akatokea anakimbia, kikapu kichwani, tai ya Kizungu shingoni bila shati. Akabaki akikimbia papo hapo.

"Mutoto wangu," alinong'ona, "unitue."

Aliyelelewa vizuri hamwachi mzee na mzigo kichwani. Casimir akabana chupa kwapani, akanyoosha mikono.

Kikapu kilikuwa chepesi. Mikono yake mwenyewe ikamtwika.

Miguu ikaanza kukimbia.

Nyuma yake mzee akaketi juu ya reli. "Aksanti, mutoto. Tangu wakati ya Wabeleji, sijaikala."

Casimir akageuza shingo. Ilibaki tai tu.

Wenyeji wanamjua Bonaventure, muuza karanga wa enzi mji ukiitwa bado Albertville, aliyeshindana na treni kutoka stesheni mpaka daraja la mto Lukuga, akiwauzia abiria madirishani bila kupunguza mwendo. Siku moja alijitapa kwamba hatatua kikapu mpaka aishinde. Wengine wanasema mchuuzi mwenzake alimroga. Nani alishuhudia?

Reli ilipita mbele ya nyumba. Casimir akamrushia Mama Bertille chupa mlangoni. Mama akaidaka, akaona kikapu, akaanza kulia. Miguu haikusimama.

Aliporudi kutoka darajani, taa ilikuwa inawaka. Mtoto analia. Odile amesimama kizingitini, mikono mbele.

"Casimir! Ukuje nikutue!"

"Usimuguse!" Mama Bertille alipiga kelele.

Shingo inamuuma Casimir, kukaa anakutamani kuliko maji. Angepunguza mwendo kidogo tu...

Akakaza mbio huku akilia, mikono ya mkewe isimfikie.

Sasa binti yao Louise ana miaka saba, na Casimir, akipita mbio, humwona dirishani kila jioni, mlango ukiwa umefungwa. Mtoto ana adabu mno. Akimwona mtu mzima na mzigo, hukimbilia kumtua.

Jana mlango haukufungwa.