Simsim ya Kukhu Jescah

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha pikipiki.

Ya pili ilimpitia Gentrix Muhonja kando ya sikio, ikavuma kama nyuki.

"Siafu, uko wapi?" redio ikauliza.

"Shinyalu," Gentrix akajibu. "Niko nyuma yao."

"Mapishi yasivuke mpaka. Na bibi arudi hai."

Ndiyo, mapishi. Cheka tu. Mafuta ya simsim ya Kukhu Jescah, yaani Bibi Jescah, yalikuwa yakiponya kwa siku tisa ngozi iliyoungua moto, na tajiri mmoja wa ng'ambo alitaka kuyasajili kwa jina lake. Akifaulu, Kukhu angeshtakiwa kwa kupika dawa aliyorithi kwa nyanya yake! Ndiyo maana watu wa tajiri huyo walimteka asubuhi ile, wakambana kwenye Prado mpaka akayataja mapishi.

Gentrix akaongeza kasi. Pikipiki yake ya Boxer ikaruka mtaro, ikakata shamba la chai, ikatokea mbele ya gari lililokuwa likihangaika na matope. Akachomoa Glock.

Risasi mbili. Dereva akalalia usukani, Prado likazama mtaroni.

Jitu likashuka na panga. Gentrix hakuwa na subira siku hiyo. Alilivunja goti kwa teke, akalishindilia kitako cha bastola mdomoni, meno yakamwagika kama mahindi yanayopukuchuliwa.

Akabaki Griffin, mkemia mtanashati wa yule tajiri, kutoka Nairobi, kisu kikiwa kooni kwa Kukhu.

"Umechelewa," akasema. "Nimeshatuma."

Gentrix akapiga hesabu. Miezi minne ya kazi, yote bure. Lakini Kukhu, damu ikimchuruzika shingoni, aliinamisha kichwa akamng'ata Griffin kidole hadi mfupani. Kisu kikaanguka. Gentrix akampasua bega kwa risasi moja, Griffin akaanguka chini akilia.

Simu yake bado ilikuwa inawaka. Gentrix akasoma: Simsim kilo moja. Karanga. Saga. Kamua na maji ya jivu.

"Karanga ni za nini?"

Griffin akajibu kwa maumivu na dharau. Bibi mwenyewe alisema "kalanga". Waluhya na L zao, ilibidi amsahihishie, akaandika karanga.

Kukhu akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Kijana, kwetu kalanga ni kaanga. Unakaanga simsim kwanza, ndio usage. Usipokaanga, hiyo si dawa."

Gentrix akacheka hadi mbavu zikamuuma. Akamfunga Griffin pingu, akakivunja kile kisimu kwa kisigino, akamfunga Kukhu jeraha kwa leso yake mwenyewe.

"Siafu, mapishi vipi?" redio ikauliza.

"Yamevuka."

Redio ikafoka: "Yamevuka?"

"Mchuzi wa mboga ndio uliovuka. Wapelekeeni na obusuma, ugali wetu."

Akazima redio. Kukhu akapanda nyuma ya Boxer, akaomba wapitie sokoni Mukumu. Simsim ilikuwa imemwishia nyumbani.