Mtihani wa Mara ya Tatu

Duka la kutoa kopi lilikuwa limefurika. Mashine zinanguruma, hewa inanuka wino wa moto, na kila mtu ana haraka kuliko mwenzake. Msichana wa duka la dawa alisimama kwenye foleni na gauni lake la bluu la kazini, amekumbatia karatasi mia mbili za daftari lake la masomo kifuani. Asubuhi ile alikuwa amepokea barua. Mtihani wa mdomo wa leseni ya ufamasia, wiki sita zijazo, mara ya tatu na ya mwisho. Mara mbili alikwisha kuanguka. Siyo kwamba hajui, masikini! Akiwaona tu wale watahini watatu wamejipanga nyuma ya meza, ulimi unakufa ganzi. Na akianguka hii, miaka mitano ya masomo kwaheri.

Mtu akampiga kikumbo. Karatasi zote chini.

"Jamani msizikanyage!" Mwenye duka akaruka kaunta, kijana mrefu, mikono ya shati imekunjwa, madoa ya wino mpaka kwenye viwiko. Akapiga magoti, akaanza kuzipanga upya, moja baada ya nyingine, bila kusitasita.

"Umejuaje mpangilio?" msichana akauliza. "Sikuziandika namba."

"Hii ya figo inafuata ya ini, au nakosea?"

"Kumbe umesoma ufamasia?"

"Mimi? Nasoma kila kinachopita kwenye mashine hii, dada yangu. Sheria, matrekta, ufugaji wa nyuki. Hapa mtaani wananiita Maktaba."

Msichana akacheka, kisha papo hapo machozi yakamlengalenga, akamweleza habari ya barua. Wateja wa nyuma wakaguna. Maktaba hakuwajali. Akamwomba namba ya simu.

Kuanzia hapo, kila mchana simu ililia.

"Haloo, Dokta Vidonge. Umekula?"

"Siwezi kula. Nasoma."

"Kula kwanza, kipenzi, halafu uniambie dawa gani hazikai pamoja na za presha."

"Nani kakwambia mimi ni kipenzi chako?"

"Jibu swali, acha kukwepa."

Alijibu, na akijibu vizuri Maktaba alimsifu mpaka akaona haya. Lakini hakumwonea huruma. "Watahini hawaishi ndani ya daftari lako," alimwambia. "Soma miongozo, soma vikaratasi vya ndani ya maboksi, soma mpaka malalamiko ya wagonjwa." Akawa anamletea furushi zima la kusoma. Msichana alisoma akipika, akafua huku midomo inacheza. Hofu haikuondoka, lakini sasa ilikuwa na kazi ya kufanya.

Wiki ya nne Maktaba akamwambia anampenda. Msichana akashikwa na woga mpya juu ya ule wa zamani. "Usiniambie sasa," alinong'ona kwenye simu. "Nikianguka nitakuwa sina kazi, sina wewe, sina uso wa kumtazama mtu."

"Nani kasema utanikosa?"

Akakata simu.

Sasa sikia balaa. Jumatatu iliyofuata alipita dukani kwa Maktaba bila kumtaarifu, kashona nywele upya, kavaa blauzi ya njano aliyoitunza kwa siku ya furaha. Alimkuta mwanamke mrembo, gauni la kijani limemkaa sawasawa, ameegemea bega la Maktaba. Na mkononi? Daftari lake! Nakala iliyobanwa vizuri, yule mwanamke anaichorachora kwa kalamu nyekundu huku wanacheka.

"Jasho langu la miaka mitano unawagawia wanawake wako kaunta?"

"Mpenzi, ngoja, huyu ni..."

"Usiniite mpenzi!" Akalinyakua daftari, akatoka mbio. Simu ilipolia akaizima, na ilipolia tena akaifunga namba ile isimpate kabisa. Ukaidi wa mtu mwenye hofu, loo, usiombe ukutane nao.

Siku tisa hakusikia swali la mtu. Woga ukamrudia wote kwa pamoja. Akawa anashtuka hata mlango ukigongwa. Zikabaki siku tatu. Kwa kukosa la kufanya akafungua lile daftari alilolinyakua, na pembeni mwa kila ukurasa akakuta wino mwekundu. *Mdogo wangu, wodini hatuulizi hivi. Muulize wifi: mgonjwa anayekuja bila kusema ukweli wote, utamfanyaje?* Maswali mia na kumi na mawili. Kumbe yule wa gauni la kijani ni dada yake Maktaba, muuguzi, na alikuwa akiyatunga kwa ajili yake.

Aibu ilimshika. Angempigia, lakini angemwambia nini? Akaketi, akayajibu yote, moja moja, kwa sauti, mpaka sauti ikakauka.

Siku ya mtihani alipanda ngazi za jengo polepole. Watahini walikuwa walewale. Mzee wa katikati akakunja uso.

"Mteja anataka dawa ya maumivu ya goti. Utampa nini?"

Mara mbili zilizopita angetaja dawa haraka haraka aishe. Ulimi ulianza kufa ganzi, akauhisi. Akavuta pumzi.

"Simpi kitu kwanza. Namuuliza anatumia dawa gani nyingine."

"Anasema hana."

"Namuuliza tena, kwa upole. Naomba anionyeshe alizonazo nyumbani."

Mzee akainua macho. "Anatoa ya kuzuia damu kuganda."

"Basi ibuprofeni na jamii yake simpi, anaweza kuvuja damu tumboni. Parasetamoli kwa kipimo, na nampigia daktari wake."

Maswali yakaja dakika arobaini. Jasho lilimtiririka mgongoni, lakini kila swali lilimkuta ameshakutana na ndugu yake katika ule wino mwekundu. Mwishowe wakanong'onezana, na mzee akasaini karatasi.

"Umefaulu, mfamasia. Mbona unalia?"

Alipotoka nje, Maktaba alikuwa kwenye ngazi za jengo, duka kalifunga, shati limelowa kwapani, uso umempauka kuliko wa mtahiniwa yeyote.

"Uko hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu saa moja. Najua umekasirika. Sikuja kukusumbua, nilitaka tu... Wamesemaje?"

"Nimefaulu."

Maktaba akaketi chini kama gunia, akajifunika uso kwa mikono, mabega yakitikisika. Msichana akaketi kando yake. Kitu alichokiogopa kuliko mtihani kilikuwa hiki, kumtazama usoni, na sasa alimtazama.

"Nisamehe. Nilikuhukumu bila kukuuliza."

"Yamekwisha."

"Hayajaisha. Nioe."

Maktaba akafungua mdomo, ukabaki wazi. Mtu aliyesoma kila kitu, leo hana neno hata moja.

"Naogopa," akasema mwishowe.

"Hata mimi," msichana akamjibu, akamshika mkono.