Mwanaume Aliyemfungia Nives Mto

"Una macho wewe, au una matundu?"

Nives Bordignon alifoka hadi muuza malimao wa meza ya jirani akanyamaza. Kinywaji chekundu chenye barafu kilikuwa kinamchuruzika kutoka shingoni mpaka kiunoni, juu ya fulana nyeupe ya timu ya taifa aliyokuwa ameivaa kwa mara ya kwanza. Ilikuwa Jumamosi mchana, soko la Piazza delle Erbe limefurika, baiskeli zinapigiana kengele, na huyu bwana alikuwa amegeuka ghafla kutoka kaunta ya baa na glasi yake imejaa pomoni.

"Ninayo mawili," alijibu yule bwana. Alikuwa mrefu, amevaa koti la kijivu lililopauka viwiko, na skafu imefungwa upande. "Yameshakuona wewe, ndiyo maana mikono ikasahau kazi yake."

"Maneno hayo yatafua fulana?"

"Hayafui. Nipe, nitafua mimi."

"Niivue hapa sokoni?"

Bwana akaiva uso mzima kwa haya, na Nives, pamoja na hasira zake zote, akacheka. Ndivyo alivyomjua Corrado Vianello, daktari wa moyo na mapafu ya wanamichezo.

Majira yote ya baridi walipendana kwa kelele. Nives alikuwa mpiga makasia, mabega mapana, viganja vigumu kama ngozi ya kiatu, na hakuna aliyewahi kumshinda maneno. Corrado alimpigia simu kila alipotoka mtoni.

"Malkia wangu, umevuta kasia au umelala kwenye mtumbwi?"

"Nimevuta hadi bata wamekimbia. Wewe leo umepima nani?"

"Waendesha baiskeli. Wanapuliza mrija kama vizee. Mapafu yako wewe yangejaza matairi yao yote."

"Mapafu tu ndiyo unayoyasifu, dokta?"

"Mengine siwezi kuyasema, muuguzi yuko hapa."

Majira ya kuchipua yalipofika, Nives akaenda kupimwa kama kila mwanamichezo wa nchini kwao anavyopaswa kupimwa kila mwaka. Bila cheti cha daktari huingii mashindanoni, hata uwe bingwa wa dunia. Alibandikwa nyaya kifuani, akavalishwa barakoa ya kupima pumzi, akakanyaga baiskeli ya mazoezi mpaka jasho likamwingia machoni. Corrado alikuwa akitazama mashine. Ghafla akaacha utani. Akasema ana miadi, akatoka, na daktari mkuu, Tosetto, ndiye aliyemalizia.

Jumapili Corrado alikula chakula cha mchana kwa mama yake Nives. Alikula samaki mkavu na ugali wa njano wa pale kwao, akasifu, akaongezewa. Kisha akamwuliza mama kwa upole, "Hivi marehemu baba yake Nives aliugua nini, mama?"

"Hakuugua, mwanangu. Alianguka juu ya baiskeli yake, mwezi wa saba. Jua lilimpiga."

Corrado aliinamia sahani yake.

Kesho yake, Nives akiwa anabeba kasia kwenye gati la Mto Bacchiglione, kocha Ruggero akampigia simu. "Nives, shusha kasia. Kliniki wamekufungia. Wanasema ni moyo."

Aliingia kliniki na viatu vyenye matope. Corrado alikuwa kwenye ukumbi, amezungukwa na wagonjwa.

"Ulijua lini?"

"Nives, twende ofisini."

"Ulijua lini!"

"Siku ile ile. Upande wa kulia wa moyo wako, misuli inageuka mafuta. Ni ugonjwa wa kurithi. Kadiri unavyovuta kasia ndivyo unavyozidi. Nilimkabidhi Tosetto vipimo vyako kwa sababu nakupenda, na daktari hampimi mpenziwe; akanikataza kusema mpaka picha za pili zisomwe. Sikujua kwamba angetangulia kuiarifu timu."

"Ulikatazwa! Ukalala kitandani kwangu na mdomo umeufunga! Ukala chakula cha mama yangu huku unamhoji juu ya kifo cha baba, kama polisi!"

"Nilitaka kuwa na hakika."

"Nilitaka kuwa na mwanaume. Toka mbele yangu."

Ukumbi mzima ulisikia kofi lile.

Mashindano ya Ulaya yakaja yakapita, mwenzake mwingine akakaa kwenye kiti chake. Nives alizima televisheni kwa kuirushia ndala. Alienda kwa daktari wa mji mwingine, naye daktari akamtazama kwa huruma na kumwambia maneno yale yale. Akamchukia na huyo. Corrado alipiga simu, hakupokea. Mwishowe akatuma ujumbe mmoja tu: *Nichukie, sawa. Lakini Loredana apimwe.*

Loredana alikuwa dada yake mkubwa, mwalimu, mcheza voliboli wa jioni baada ya kazi. Nives alimwonyesha ule ujumbe kwa dharau. "Muone, anataka kuufungia ukoo mzima!"

Loredana hakucheka. Alienda kimyakimya, na akarudi na kifaa kidogo cha kuushtua moyo ukisimama, kimepandikizwa chini ya ngozi ya kifua. Nives akagombana naye pia, wakanuniana.

Vuli ilipoingia, Loredana alikuwa anapandisha kikapu cha zabibu ngazi za nyumba ya mama. Akaanguka kama gunia. Nives alimwona midomo imegeuka buluu. Kabla hajapiga ukelele, mwili wa dada yake uliruka sakafuni, kisha Loredana akafumbua macho na kutukana.

"Nani kanipiga teke kifuani?"

Nives alikaa kwenye ngazi, zabibu zimetapakaa miguuni, akalia kwa sauti.

Corrado alimkuta mlangoni mwa wodi. Nives alikuwa bado na aproni ya jikoni, nywele timutimu.

"Dada yangu yuko hai," alisema Nives. "Asante. Na bado nina hasira na wewe."

"Unayo haki. Hata mimi ninajikasirikia. Ningekwambia siku ile ile, hata kama wangenifukuza."

"Basi sikiliza. Ukijua jambo langu, nilijue kabla hujavua koti. Liwe baya vipi. Unaweza?"

Corrado akamtazama usoni bila kukwepa.

"Ninaweza. Nakwambia sasa hivi. Kocha wako anakudanganya kwamba mwakani watakupima upya. Hutashindana tena, Nives. Si mwakani, si milele."

Nives alimpiga ngumi ya kifua, ya pili, ya tatu, kwa mikono ile migumu, akimwita mshenzi, mnyama, na Corrado hakurudi nyuma hata hatua. Ngumi zikalegea. Akaushika mkunjo wa koti lake la kazi, akaegemeza paji la uso pale pale alipopiga.

"Usiondoke," alisema kwa ukali. "Sijamaliza kukutukana."

"Endelea, mpenzi. Nipo."